Kulisha Punda Jike Mwenye Mimba na Anayenyonyesha: Mwongozo kwa Wafugaji wa Nyanda za Juu Kusini

Punda akilishwa kama ng'ombe anaweza kunenepa na bado akazaa mtoto dhaifu. Hacheui. Majani anayokula hupita tumboni upesi na kuchachushwa mwishoni mwa safari, kwenye utumbo mpana. Ndiyo maana pumba nyingi kwa mkupuo humdhuru, mabadiliko ya ghafla ya chakula humletea maumivu ya tumbo, na baadhi ya majani yanayomfaa ng'ombe humnyima yeye madini ya mifupa.

Vipimo vyote humu ni vya punda wa kilo 140, ukubwa wa kawaida kwa punda wetu. Wa kwako akiwa mkubwa au mdogo, ongeza au punguza kwa uwiano huo.

Hatua ya 1: Panga mwezi wa kuzaa

Punda hubeba mimba mwaka mzima, mara nyingi siku 365 hadi 375, na wapo wanaofika miezi 14. Akipandwa Januari, mtegemee Januari ijayo. Huku kwetu mvua huanza Novemba na kuisha Aprili au Mei, kwa hiyo miezi mizuri ya kuzaa ni Desemba hadi Februari: majani ni mabichi wakati ule ule maziwa yanapohitajika zaidi. Punda hurudi kwenye joto siku 5 hadi 13 tu baada ya kuzaa. Usipomtenga na dume, utaratibu wa miezi utajipanga wenyewe, na mara nyingi utajipanga vibaya.

Aliyepandwa Agosti au Septemba atamaliza mimba na kuanza kunyonyesha wakati Isimani na Usangu hakuna jani bichi. Huyo usimwachie malisho ya porini. Mwekee akiba ya hei, yaani nyasi zilizokatwa na kukaushwa. Kilo 4 kwa siku kwa siku 150 ni kilo 600, na kwa kuwa nyingine itakanyagwa na kulowa, weka 700. Kata nyasi zinapoanza kutoa maua, Aprili au Mei mvua ikipungua. Zikishakomaa na kudondosha mbegu zinabaki kuwa kuni za tumboni.

Hatua ya 2: Pima uzito na hali ya mwili

Chukua tepu ya fundi cherehani, izungushe kifuani nyuma tu ya miguu ya mbele, ikaze bila kubana. Sentimita 110 ni takribani kilo 118, 115 ni kilo 132, 120 ni kilo 148, na 125 ni kilo 165. Usipime tumboni. Tumbo la mimba, na hata tumbo la minyoo, hudanganya.

Kisha papasa mbavu kwa kiganja. Zikihisika kirahisi chini ya nyama kidogo bila kuonekana kwa macho, yuko sawa. Zikionekana ukiwa umbali wa hatua kumi, amekonda. Ukilazimika kubonyeza ndipo uzipate, amenenepa. Usihukumu kwa shingo: punda akiwahi kunenepa huweka mafuta juu ya shingo na matakoni, na mafuta hayo hubaki hapo hata mwili ukikonda. Rudia kila baada ya wiki mbili na uandike kwenye daftari, kwa sababu jicho linalomwona kila siku halioni anavyopungua.

Hatua ya 3: Malisho kabla ya pumba

Miezi minane ya kwanza mimba haidai nyongeza. Kilo 2 hadi 2.5 za majani makavu kwa siku, au malisho ya kutosha, pamoja na chumvi na maji, zinamtosha. Kumjaza pumba wakati huu ni kumnenepesha, na hasara yake utaikuta Hatua ya 8.

Kuanzia mwezi wa tisa mtoto ndipo anakua kwa kasi, na jumla ya chakula kikavu ipande hadi kilo 2.8 au 3. Akinyonyesha, ifike kilo 3.5 hadi 4. Majani mabichi mengi yake ni maji, kwa hiyo kilo 4 za chakula kikavu ni sawa na kilo 16 hadi 20 za majani mabichi. Punda aliyefungwa kamba sehemu moja tangu asubuhi humaliza duara lake kabla ya saa sita mchana, na baada ya hapo analamba vumbi. Hamisha kigingi mara tatu kwa siku, na usiku mwekee majani makavu zizini. Punda wa kawaida hutumia saa 14 na zaidi kutafuta chakula, na usiku ni sehemu ya hesabu hiyo.

Mabua ya mahindi na majani ya mpunga hujaza tumbo lakini hayana protini ya kutosha. Kwa punda asiye na mimba yanatosha. Kwa mwenye mimba kubwa yasizidi nusu ya malisho, na nusu nyingine iwe hei nzuri. Nyasi aina ya Rhodes ndiyo hei bora kwake. Makapi na mabua ya maharage yanayobaki baada ya kupura, ambayo wengi huyachoma, ni hazina: yana kalsiamu na protini kuliko bua lolote la mahindi. Yakaushe, yahifadhi juu ya chanja, na mpe kilo moja kwa siku. Alfalfa na desmodiamu, majani ya jamii ya mikunde, hufanya kazi hiyo hiyo. Ila usidhani alfalfa na mlusina ni kitu kimoja. Majani ya mlusina yana sumu iitwayo mimosini, na punda anayeyala kwa wingi hunyonyoka manyoya ya shingo na mkia.

Sasa tuje kwenye majani ya tembo, seteria na kikuyu, majani yanayopandwa karibu kila penye ng'ombe wa maziwa. Yana oksaleti, ambayo hushika kalsiamu na kuifanya isifyonzwe. Ng'ombe ana vijidudu tumboni vinavyoivunja, punda hana. Akilishwa majani hayo peke yake kwa miezi, mwili unachota kalsiamu kwenye mifupa ili kumjenga mtoto na kutengeneza maziwa. Utaona anachechemea bila jeraha, meno yanalegea, na mwishowe mifupa ya uso inavimba pande zote mbili. Hapo umechelewa. Usiyakataze kabisa, lakini yasizidi theluthi ya malisho, na siku anapoyala, chokaa ya mifugo (tazama Hatua ya 4) isikosekane.

Hatua ya 4: Chokaa na pumba

Hapa ndipo wengi hukosea, tena kwa nia njema. Pumba za mahindi zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, na pumba za mpunga zimezidi kwa hilo. Kadiri unavyoongeza pumba ili apate nguvu, ndivyo unavyoharibu mizani ya madini. Kalsiamu inatakiwa iwe mara moja na nusu hadi mara mbili ya fosforasi, na isishuke kamwe chini yake.

Dawa yake ni rahisi. Kila kilo moja ya pumba iambatane na gramu 20 hadi 25 za chokaa ya mifugo, ile ile wanayonunua wafugaji wa kuku wa mayai kwenye maduka ya pembejeo. Usitumie unga wa mifupa badala yake: una fosforasi, na fosforasi tayari imejaa kwenye pumba. Na usiguse chokaa ya kujengea wala ya kupaka ukuta. Hiyo imechomwa, itamuunguza mdomo na koo.

Ukinunua pumba za mpunga Ubaruku, Chimala au Igurusi, zikague. Mashine nyingi husaga maganda pamoja na pumba, na maganda hayana lishe. Tia kiganja kimoja kwenye bakuli la maji: maganda huelea. Yakiwa mengi, unanunua hewa. Pumba safi za mpunga nazo zina mafuta yanayoharibika upesi, kwa hiyo nunua za wiki mbili tu, na zikinuka kama mafuta ya zamani usimpe.

Hatua ya 5: Changanya chakula cha nyongeza

Kwa takribani kilo 10:

- pumba za mahindi, kilo 6.5
- mashudu ya alizeti, kilo 3
- chokaa ya mifugo, gramu 200
- chumvi yenye madini joto, gramu 100

Kwanza changanya chokaa na chumvi na kilo moja ya pumba, kisha changanya hiyo na zilizobaki. Ukimwaga chokaa moja kwa moja kwenye rundo, siku moja atakula chokaa tupu na siku nyingine hatapata kabisa. Mashudu ya alizeti hayana laisini ya kutosha, nayo ni sehemu ya protini ambayo mtoto anaihitaji ili akue. Ukiwa na soya, toa kilo moja ya mashudu uweke kilo moja ya soya iliyokaangwa na kusagwa. Isiwe mbichi, kwa kuwa soya mbichi huzuia protini isimeng'enywe.

Chumvi ya madini joto tumeitaja makusudi. Nyanda za Juu Kusini zinajulikana tangu zamani kwa uvimbe wa tezi la shingo kwa sababu ya upungufu wa madini hayo ardhini, na mnyama mwenye mimba akiyakosa anaweza kuzaa mtoto dhaifu, mwenye tezi iliyovimba, au mfu. Mbali na iliyomo kwenye mchanganyiko, mwekee chumvi ya kulamba. Jiwe la madini la ng'ombe linafaa, ila soma karatasi yake: lisiwe na urea.

Pima kwa mizani, si kwa kopo. Kopo la pumba na kopo la mashudu havina uzito mmoja. Peleka kopo lako dukani mara moja, lipimwe likiwa na mchanganyiko wako, uchore alama ya gramu 250 na ya gramu 400.

Hatua ya 6: Mpe kiasi gani, na lini

Anza mwezi wa tisa kwa gramu 100 kwa siku. Ongeza taratibu kwa siku 10 hadi 14 hadi ufike gramu 500, ukigawa asubuhi na jioni. Aliye mnene usimpe mchanganyiko kamili: gramu 150 za mashudu, gramu 20 za chokaa na chumvi kidogo zinatosha, ili mtoto apate protini na madini bila mama kuongeza mafuta. Aliyekonda mwanzishie mwezi wa saba.

Mlo mmoja usizidi gramu 400. Wanga ukizidi huponyoka tumboni bila kumeng'enywa, unafika utumbo mpana na kuchacha, na matokeo ni maumivu ya tumbo au kwato zinazowaka moto. Punda mwenye kwato za namna hiyo husimama ameegemea nyuma, hataki kutembea. Siku zote mpe majani kwanza, pumba baadaye. Loweka mchanganyiko kidogo ili asikabwe na vumbi.

Maji: lita 8 hadi 10 kwa siku wakati wa mimba, na hadi lita 20 akinyonyesha. Punda ana sifa ya kuvumilia kiu, na sifa hiyo imewaua wengi. Makete na Njombe, Juni na Julai, maji yaliyolala nje huwa ya baridi kali na punda huyaonja tu na kuyaacha. Choo kinakuwa kikavu, kisha utumbo unaziba. Changanya na maji ya moto kidogo asubuhi, yawe vuguvugu.

Mwishoni mwa kiangazi hei iliyokaa miezi mingi haina tena vitamini A. Karoti nusu kilo hadi kilo moja kwa siku zinafidia. Zipasue kwa urefu, maana vipande vya mviringo humkaba. Majani ya viazi mviringo, na viazi vilivyogeuka kijani, ni sumu. Visifike zizini.

Kazi pia iingie kwenye hesabu. Miezi mitatu ya mwisho asikokote mkokoteni wala kubeba magunia, na apumzike miezi miwili au mitatu baada ya kuzaa. Nguvu anayotumia mlimani inatoka kwenye chakula kile kile cha mtoto.

Vitu vya kuweka mbali kabisa

Mparachichi. Tangu parachichi ziwe biashara Rungwe na Njombe, punda wengi hufungwa chini ya miti hiyo kwa ajili ya kivuli, na matawi yaliyopogolewa hutupwa zizini. Majani, gome na matunda yana sumu iitwayo pesini. Kwa anayenyonyesha hushambulia kiwele: kinavimba na kuwa kigumu, maziwa yanapungua ghafla, na wengi hudhani ni maambukizi wakamchoma sindano bure. Ikizidi, kichwa na kifua huvimba na moyo hudhurika.

Mahindi yaliyooza. Wakati wa kupukuchua, punje zenye ukungu huchambuliwa na kuwekewa mifugo. Kwa punda hiyo ni hatari kuu, kwa sababu sumukuvu iitwayo fumonisini huyeyusha ubongo wake. Anazunguka duara, anasukuma ukuta kwa kichwa, haoni, na anakufa ndani ya siku chache bila dawa ya kumrudisha. Pumba, punje zilizovunjika na vumbi la mashine hubeba sumu hiyo zaidi kuliko punje nzima. Zikiwa na unyevu, zimeshikana mabonge au zinanuka ukungu, zifukie. Kuzianika hakuondoi sumu.

Chakula cha kuku. Chakula cha vifaranga na cha kuku wa nyama mara nyingi huwekwa dawa ya kuzuia koksidia (vimelea vya utumbo wa kuku), kama vile monensini. Kiasi kidogo kisichomdhuru kuku huua misuli ya moyo wa punda. Hata beleshi na ndoo zitumike tofauti.

Hatua ya 7: Siku za kuzaa na kunyonyesha

Wiki nne hadi sita kabla, mwite bwana mifugo kwa chanjo ya pepopunda na dawa ya minyoo inayofaa kwa punda. Sindano ya minyoo ya ng'ombe isichomwe kwa punda.

Kiwele hujaa wiki chache kabla. Matone ya nta kwenye chuchu yanaashiria kuwa siku ni chache. Siku ya kuzaa punguza mchanganyiko uwe nusu, mpe majani mazuri na maji vuguvugu. Mtoto asimame na kunyonya ndani ya saa mbili. Dang'a, yaani maziwa ya kwanza, ndiyo kinga yake, na baada ya saa 24 utumbo wake hauwezi tena kuipokea, hata akinyweshwa ndoo. Kondo la nyuma litoke ndani ya saa tatu. Lisipotoka usilivute, ita daktari wa mifugo.

Kuanzia siku ya tatu ongeza polepole kwa siku 7 hadi 10 hadi ufike kilo moja ya mchanganyiko kwa siku, ikigawanywa mara tatu. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo yenye madai makubwa. Mama akikonda wakati maziwa yanatoka vizuri, ongeza hei nzuri kwanza, kisha gramu 200 za mchanganyiko, na hakikisha hakuna mlo unaozidi gramu 400. Akiendelea kukonda, mwangalie meno: jino lenye ncha kali humfanya ateme mabonge ya majani yaliyotafunwa nusu.

Mwanapunda huanza kuchezea majani akiwa na wiki chache. Mwekee sehemu yake ambayo mama hafiki, kwa kupitisha mti mlalo kwa urefu unaomruhusu mdogo tu apite chini.

Hatua ya 8: Akikataa kula

Kipengele hiki kisome kabla hujakihitaji. Punda jike mwenye mimba kubwa au anayenyonyesha, hasa mnene, akikosa chakula hata kwa siku moja au mbili, mwili humwaga mafuta kwenye damu kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuyatumia. Damu inakuwa kama maziwa, ini na figo vinashindwa. Kinachoanzisha ni kitu kidogo: safari ndefu ya lori, kutenganishwa na mwenzake, jino, homa, au mwenye punda aliyeamua kumpunguza unene kwa kumnyima chakula.

Dalili ni za kimya. Anasimama ameinamisha kichwa, ananusa chakula na kukiacha, mavi ni machache, madogo na yamefunikwa ute, mdomo unanuka. Punda halalamiki kama farasi, kwa hiyo ukiona hivi tayari ameumwa muda. Mwite daktari siku hiyo hiyo, usingoje kesho. Huku ukimngoja mpe chochote anachokitaka: majani mabichi, karoti, maji yenye molasesi. Usimnyweshe kwa chupa kwa nguvu, yatamwingia mapafuni. Mwache na mwenzake pembeni.

Kuachisha

Mwanapunda aachishwe akiwa na miezi sita au zaidi, asitolewe mapema kwa sababu tu mnunuzi amefika. Wiki moja kabla, punguza mchanganyiko wa mama kidogo kidogo hadi uishe, umwachie majani, chumvi na maji. Kiwele kitajaa siku za kwanza. Usikikamue ukidhani unampunguzia maumivu, kwa kuwa ukikamua kinajaza tena. Kikiwa cha moto, kigumu na upande mmoja umezidi, huo ni ugonjwa wa kiwele na unahitaji daktari. Kama amepandwa tena na mimba ya pili inaendelea, anza upya kuhesabu miezi tangu siku aliyopandwa, maana nyongeza itarudi mwezi wa tisa wa mimba hiyo.